Mtu mmoja kwenye dunia ya watu wanne: kisa cha Don't Starve Together kuanzia siku ya 1 hadi Deerclops

Kisa ni cha jamaa yangu wa Morogoro. Yeye na wenzake watatu walikubaliana kuanzisha dunia mpya ya Don't Starve Together na kazi walishagawana kabisa, huyu kuni, yule mawe, wa tatu chakula, wa nne azunguke ramani. Siku yenyewe ikafika hakuna aliyetokea, mmoja umeme, mmoja bando limekata, mmoja kaitwa kazini. Jamaa akasema basi naanza mwenyewe. Akachukua Wilson, mmoja wa wahusika wa gemu, dunia ya kawaida ya kusurvaivu, ugumu hakugusa, akafungulia kwenye kompyuta yake na akazima mapango ili mashine isielemewe. Mi nilikuwa naangalia kila kitu maana alikuwa ananishirikisha skrini huku tunaongea, ndo maana naweza kukichambua hatua kwa hatua.

Kwa ambao hawaijui, hii ni gemu ya kuhangaika kuishi porini bila kufa njaa, inatengenezwa na Klei wa Vancouver, Canada. Don't Starve ya kwanza ilitoka 2013 na ilikuwa ya mtu mmoja, hii ya Together ikatoka rasmi 2016. Kwenye Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, kwa muda mrefu ukinunua moja ulikuwa unapewa na kopi ya pili umgawie rafiki, na jamaa aliipata hivyohivyo, kwa kugawiwa. Sasa walipoihamisha kutoka mtu mmoja kwenda watu wengi walipandisha namba za mabosi, yaani maadui wakubwa. Deerclops, lile dude la jicho moja linalokuja wakati wa baridi, kwenye ile ya zamani lilikuwa na damu (kipimo cha uhai) 2000, huku lina 4000. Na hizo 4000 hazipungui hata kama dunia nzima umo wewe tu. Kuna gemu kama Valheim ambazo adui anakuwa mgumu kadri watu wanavyoongezeka karibu yake, kwahiyo ukiwa mwenyewe unapumua kidogo, hapa hakuna huruma hiyo.

Watu wengi wakisikia hivyo wanafikiri shida ya kucheza peke yako ni mapigano. Mi nakataa, na kisa hiki ndo ushahidi wangu. Shida ni muda.

Tupige hesabu. Siku moja ya gemu ni dakika 8. Msimu wa kwanza una siku 20, yaani dakika 160, masaa mawili na dakika arobaini halafu baridi inaingia. Watu wanne kwa huo muda wana dakika 640 za kazi ukijumlisha mikono yote, wewe unazo 160 na hakuna wa kukukopesha. Ila chakula nacho kinagawanyika. Wilson tumbo lake ni 150 na kwa siku linashuka 75, kwahiyo siku 20 anahitaji 1500. Kababu za kwenye chungu (Meatballs) zinajaza 62.5, ina maana sahani 24 zinamtosha msimu mzima, wakati watu wanne wangehitaji 96. Sungura wa eneo zima ni wako, matunda ya vichaka vyote ni yako, hakuna mtu anakula kabla hujafika. Njaa ya mtu mmoja ni ndogo kuliko inavyotisha.

Kinachoua ni vitu ambavyo bei yake haijali mko wangapi. Jiko la mawe linataka mawe 12, mashine ya sayansi mawe 4, ile mashine ya pili ya alkemia ukiivunjavunja hadi malighafi ni mawe 12, chungu cha kupikia mawe 9. Hapo tayari 37, na hivyo ni vitu vya kambi, kimoja kinatosha watu wote. Halafu kila mtu anahitaji jiwe lake la joto kwa ajili ya baridi, mawe 10. Wakiwa wanne jumla ni 77, ukigawa kila mtu anachimba kama 19. Akiwa mmoja ni 47. Karibu mara mbili na nusu ya kazi ya mmoja wao, na ni mawe tu hayo, bado magogo, bado dhahabu 5, bado mkaa. Sululu inapiga mara 33 ndo inakufa, mwamba mmoja unakula mapigo 6, kwahiyo sululu moja ni miamba mitano. Kwa mawe 47 we andaa sululu tatu na miamba kama 15 hivi.

Jamaa hakuwa amepiga hesabu hizi kwenye karatasi lakini ukiangalia alivyocheza unaona alikuwa anazijua kwa mazoea.

Siku ya kwanza na ya pili hakujenga chochote. Alitembea tu, akifuata barabara maana juu ya barabara Wilson anakimbia haraka zaidi, anaokota nyasi, vijiti na gumegume bila kusimama. Shoka ni kijiti 1 na gumegume 1, sululu ni vijiti 2 na gumegume 2, vyote unatengeneza ukiwa unatembea. Usiku wa msimu wa kwanza ni dakika moja tu, akawa anawasha mwenge anaendelea kutembea, mwenge unadumu sekunde 75 kwahiyo mmoja unavusha usiku wote. Hapa nilimpenda sana. Wengi usiku wa kwanza wanawasha moto wanakaa wanaangalia, wanaogopa lile jinamizi la gizani, na ni kweli ukikaa gizani bila mwanga linakupiga 100 kwenye damu 150, pigo la pili umekwenda. Lakini mwenge ni nyasi 2 na vijiti 2. Ukiwa na wenzako kukaa kwenye moto kuna faida, mnagawana vitu, mnapanga, mnapiga stori. Peke yako ile dakika ni ya kutembea.

Siku ya tatu akapata eneo la mawe lenye miamba ya dhahabu, akaweka mashine ya sayansi palepale kwa muda, akatengeneza begi la nyasi na kuendelea. Kambi yenyewe aliiweka siku ya sita, mahali ambapo uwanja wa beefalo, wale ng'ombe wa manyoya, unapakana na nyika ya sungura, na yale mawe yako mbali kama nusu siku ya kutembea. Kuna watu wangesema kambi iwe katikati ya ramani, au karibu na mlango wa kuingilia ili wageni wakija wakukute. Huo ni ushauri wa kundi. Mtu mmoja kambi yake iwe juu ya chakula, kwasababu mawe utayafuata mara mbili tatu tu ila chakula unakifuata kila siku.

Kabla ya hapo kuna kipande cha siku ya tano nataka nikae nacho kidogo. Aliona kinamasi akaingia kutafuta matete. Kule chini ya ardhi kuna mikono inachomoka bila taarifa, mmoja una damu 500 na kila kipigo ni 34. Akapigwa mara tatu kabla hajatoka, damu ikabaki 48. Hakuna kitu alichokuwa anakitaka kule ambacho kingemsaidia kabla ya baridi, na hilo nilimwambia palepale. Ukiwa na kundi, mtu akipigwa hivyo anarudi kambini anatibiwa huku kazi za wengine zinaendelea. Na hata ukifa, wenzako wanakutengenezea moyo wa kukufufua, nyasi 3 na tezi 1 ya buibui na kipande cha damu ya anayekutengenezea, umerudi. Peke yako huo moyo haupo. Unakuwa mzimu, na kwenye dunia ya kusurvaivu wachezaji wote wakiwa mizimu inahesabiwa sekunde 120 halafu dunia inafutwa inaanza upya. Na "wachezaji wote" hapo ni wewe. Unabaki kuombea tu kwamba kuna jiwe la kufufukia uliliona njiani na unaweza kulikimbilia kabla muda haujaisha. Jamaa alikuwa ameliona moja siku ya pili na alilikumbuka lilipo, na mi nasema mtu wa peke yake akiliona hilo jiwe aliweke kichwani kabla ya dhahabu.

Kupona kwake kulimla karibu siku mbili nzima. Alitafuta buibui wadogowadogo nje ya viota, mmoja mmoja, akachukua tezi, na kwa tezi 1, majivu 2 na jiwe 1 akawa anatengeneza dawa ya kupaka inayorudisha damu 20. Hizo siku mbili ndo gharama halisi ya kinamasi. Damu ilirudi, dakika 16 hazikurudi, na tutaona zilimkosesha nini.

Siku ya nane mbwa wakalia. Hii gemu inakupa onyo, unasikia mingurumo kwa mbali inasogea. Hapa peke yako una nafuu ambayo watu hawaisemi: mashambulizi ya mbwa yanahesabiwa kwa mchezaji na kwa siku alizoishi, kwahiyo mtu mmoja analetewa fungu lake tu, hakuna ile mnakaa wanne kambini yanashuka mafungu yote kwa pamoja. Walikuja wawili. Mbwa ana damu 150, mkuki unapiga 34, mapigo matano mmoja. Alikuwa amevaa vazi la magogo linalokata asilimia 80 ya kipigo, akawamaliza, akapata na nyama zao mbovu. Ile nyama usiitupe. Ukiweka moja tu kwenye chungu na matunda matatu unapata kababu safi kabisa, ukiweka mbili ndo unapata uchafu. Chungu alikuwa amekijenga siku ileile mchana, mkaa aliupata kwa kuchoma kakikundi ka miti kalikojitenga, mitego sita ya sungura ikawa imeshategwa. Kuanzia hapo mpaka mwisho wa kisa sikumuona akiwa na njaa ya kutisha hata mara moja.

Kuna faida nyingine ya upweke ambayo ni ya akili, kile kipimo cha utimamu wa kichwa. Kwenye gemu hii mzimu wa mwenzako aliyekufa unashusha akili za mlio hai, kundi zembe linaweza kuvurugana vichwa lenyewe kwa lenyewe. Yeye alikuwa anachuma maua tu njiani, kila ua akili 5, na uyoga wa kijani wa kuchoma, 15. Ilimtosha.

Sasa tuje kwenye maamuzi ya siku ya 10 hadi 20, na hapa ndo utamu wa kisa ulipo. Alikuwa na orodha kichwani: mashine ya alkemia, jiwe la joto, friji, kofia ya baridi, rungu la nyama, mikuki ya akiba, magogo ya kutosha. Zile siku mbili za kinamasi zilishaliwa, vyote visingeingia. Akaanza kukata.

Friji akaikata kwanza. Inataka gia, na gia unazipata kwa kupigana na zile mashine za chuma za kwenye sakafu za chesi, au kwa bahati kwenye vichaka vinavyobingirika jangwani. Kwa watu wanne friji ni lazima maana mnapika nyingi mnahifadhi. Mtu mmoja anayekula sahani moja na kitu kwa siku, na sungura wanaweza kubebwa hai kwenye begi kwa siku kadhaa, friji inaweza kusubiri. Uamuzi sahihi kabisa. Kofia ya sufi nayo akaikata, akatengeneza kifuniko cha masikio cha sungura wawili na kijiti kimoja, na Wilson ana ndevu zinazokua zenyewe zinamsitiri, ukijumlisha na jiwe la joto inatosha.

Rungu la nyama ndo tulibishana. Linapiga 59.5, mkuki 34. Kwa Deerclops wa 4000 mkuki unahitaji mapigo 118, rungu 68. Yeye akasema mkuki mmoja unadumu mapigo 150, naandaa miwili basi, kuwinda nguruwe kwa ajili ya ngozi kutanipotezea siku nzima kwasababu nguruwe mara nyingi anadondosha nyama tu, na tofauti kwenye pambano ni dakika moja. Kwa hesabu ya muda yuko sawa. Ila mi naona hapo hesabu ya muda pekee haitoshi. Kila mzunguko wa kupiga na kukwepa ni nafasi ya kukosea, na mtu wa peke yake akikosea hakuna wa kulivuta lile dude pembeni apumue. Mapigo 50 ya ziada ni mizunguko kama 16 au 17 ya ziada. Ningekata kitu kingine nitafute ngozi, na zile dakika 16 za kinamasi zingetosha kabisa kumletea. Hakukubali, akaenda na mikuki.

Baridi ikaingia siku ya 21 na mahesabu yote yakabadilika. Usiku unakuwa dakika 3 badala ya 1, mwanga wa mchana unashuka kutoka dakika 4 hadi 2 na nusu. Nyasi hazioti, vichaka havizai. Kwa kundi hii ni shida ya chakula, kwake ilikuwa shida ya umbali: anatoka na jiwe la joto limewaka, anakwenda mpaka linapoanza kupoa, anawasha moto mdogo wa njiani, linapata moto, anarudi. Mitego ikaendelea kunasa. Badala ya matunda akawa anaponda barafu, barafu inajaza chungu vizuri tu, nyama moja barafu tatu. Zile siku 9 za mwanzo za baridi hazina la kusimulia zaidi ya hapo, na hivyo ndivyo zinavyotakiwa kuwa.

Siku ya 30 jioni akasikia ile sauti. Deerclops kwenye baridi ya kwanza kawaida anakuja karibu na hapo, na anakuja kwa mchezaji. Mkiwa wanne hamjui atamfuata nani, peke yako hakuna fumbo. Na kinachomvutia ni majengo, akiingia kambini anabomoa mashine, chungu, masanduku, kila kitu, yale mawe 37 yote unaanza upya katikati ya baridi. Kwahiyo jamaa alikuwa ameshajiandaa mahali nje kabisa ya kambi, uwanja mtupu usio na miti, kuni zimewekwa chini, kaondoka sekunde ileile ya kwanza aliposikia mngurumo. Hakuchukua hata chakula kilichokuwa kwenye chungu. Nafikiri hiki ndo kitendo kimoja kilichobeba mchezo mzima, na kilikuwa cha kuondoka tu.

Pambano lenyewe ni la subira. Deerclops anapiga mara moja kila baada ya sekunde 4 hivi. Unaingia, unapiga mara tatu, unatoka kabla mkono haujashuka, anapiga hewa, unaingia tena. Kipigo chake kwa mchezaji ni 75, ukiwa na vazi la magogo inabaki 15, kwahiyo kukosea mara moja hakukuui ila bila vazi kukosea mara mbili kwishney. Akili zinashuka kwa kasi ukiwa karibu yake, akaanza kuona vivuli pembeni ya skrini. Giza likaingia katikati ya pambano, na huwezi kushika mwenge na mkuki kwa pamoja, mkono ni mmoja, ndo maana zile kuni zilikuwepo. Akawasha moto akawa anazungukia mwanga, akivutwa nje ya duara anarudi kwanza, hapigi. Alipigwa mara nne kwa hesabu yangu. Mkuki wa kwanza haukuvunjika hata, kwahiyo kwenye hilo alikuwa sahihi, na mi bado nabaki na msimamo wangu wa rungu kwasababu vipigo viwili kati ya vile vinne vilikuja mwishoni, alipokuwa amechoka.

Likaanguka. Nyama 8 na jicho. Kambi haikuguswa.

Wenzake waliingia siku ya 37, msimu wa mvua umeshaanza, wote watatu kwa mkupuo mikono mitupu kama yeye siku ya kwanza. Wakakuta mashine mbili, chungu, mitego, ramani nusu. Na chakula cha mtu mmoja, maana alijenga kwa tumbo moja. Ndani ya siku mbili sungura hawatoshi, kababu zinaoza kwenye sanduku kwasababu sasa wanapika nyingi kwa pamoja, na ile friji iliyokatwa siku ya 12 ikawa inahitajika kweli. Halafu kiangazi kinakuja, vitu vinashika moto vyenyewe, na mashine ya kurushia barafu ya kulinda kambi inataka gia 2. Jumla gia 3, na hakuna hata moja. Nilipowaacha walikuwa wanagawana, wawili waende kwenye sakafu ya chesi, mmoja ajenge vyungu, na yeye, kwasababu ndo pekee anayeijua ile nusu ya ramani, azunguke nusu iliyobaki kutafuta jangwa.